Chawa wa Bwawani na Kiti cha Baba Nono

“Toka hapo, Baba Nono.”

“Sitoki.”

“Mvua iko njiani, na weye unakalia mulango ya bwawa sawa mutu anangojea kinyozi.”

“Nitangojea.”

Saa moja asubuhi, pembezoni mwa Annexe, komuni ya Lubumbashi, mahali ambapo bustani za mboga zimebanwa na nyumba zisizomalizika, Daniella Chileshe amesimama mikono kiunoni. Mbele yake mumewe, Casimir Kalaba, ameweka kiti cha plastiki juu ya mlango wa kutolea maji bwawani na kukikalia. Mlango huo ni mbao tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine kati ya kuta mbili za saruji. Ukizitoa, bwawa linakauka. Ukizikalia na kilo zako tisini, halikauki.

Ugomvi ulianza jana jioni kwenye bukari, ugali wa huku. Walilala nao, nao ukaamka kabla yao.

Kuna mtu wa tatu. Vital, mfanyabiashara wa jumla aliyehamia Lubumbashi kutoka Butembo, amesimama kando ya matete na viatu vyake vya ofisini, ameshika jerikeni nyeupe isiyo na karatasi yoyote ya maelezo.

“Munagombana bure,” anasema. “Dawa niko nayo hapa. Nusu jerikeni tu, chawa kwisha.”

“Papa Vital, weka hiyo kitu chini. Na usiifungue,” Daniella anasema.

Chawa ndio chanzo cha yote. Daniella, au Mama Nono kama mtaa mzima unavyomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, anafuga samaki aina ya tilapia katika bwawa moja kubwa, na samaki wake wana chawa. Si kwa mfano. Ni mdudu bapa kama mbegu ya nyanya, mwenye rangi ya ngozi ya samaki, anayeng’ang’ania nyuma ya mapezi na kunyonya damu. Samaki anawashwa, anajisugua kwenye kuta, anapata vidonda, anaacha kula. Kwa mlaji hana madhara, kwa sababu akiguswa na moto amekwisha.

Jaribu sasa kumweleza hivyo mteja.

“Ku soko, mutu akisikia tu ‘chawa’, anaanza kujikuna mwenyewe,” anasema Mama Nono. “Hanunue tena. Anaenda kujikuna kwa mwingine.”

Anachotaka leo ni kitu kimoja: kukausha bwawa. Jua la Oktoba likipasua tope, mayai ya chawa hufa, kisha chokaa inamwagwa juu, na maji safi ya chemchemi yanaingia upya. Hakuna sumu inayobaki. Lakini mvua zikianza, tope halipasuki tena hadi kiangazi kijacho, na samaki wenye vidonda hawana subira ya kiasi hicho.

Tatizo ni mahali pa kuwaweka. Mabirika yake mawili ya saruji yanatosha samaki wadogo tu. Wakubwa wote wameagizwa na Vital, ambaye Jumamosi anamwoza binti yake, Graciella. Vital akienda kununua kwingine, bwawa haliwezi kukaushwa. Na Vital amesema wazi: chawa mmoja tu akionekana, anakwenda kwingine.

*

Kabla ya bwawa, Mama Nono alikuwa akiuza thomson, yule samaki wa barafu anayefika sokoni katika katoni. Biashara ilikuwa nzuri siku zenye umeme. Siku zisizo na umeme alikuwa akiuza kwa haraka, kwa hasara, na mwishoni kwa paka.

“Nikajiambia, samaki muzima haombi umeme,” anasema. “Kumbe anaomba vingine vyote.”

Alichimba bwawa kwenye kiwanja walichorithi, jirani na bustani ya Martine, mjane anayelima lengalenga, yaani mchicha, na kabichi. Samaki huuzwa wakiwa hai, ndani ya beseni, katika soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Mwezi mzuri, bwawa humwachia karibu dola mia mbili baada ya kununua chakula cha samaki. Mwezi mbaya humwachia samaki wa kula.

Chawa hawakuwa wageni kwake. Mara ya kwanza walipojitokeza, fundi wa mifugo anayeitwa Aimé alimweleza kwamba chawa jike hutaga juu ya kitu kigumu: jiwe, mti, ubao. Basi mpe ubao. Zamisha mbao chache bwawani, mwache atage, zitoe, zianike juani hadi mayai yakauke, zirudishe. Mtego huo haudai hata tone moja la dawa.

Mama Nono alielewa vizuri, isipokuwa sehemu moja. Kwa miezi kadhaa alizitoa mbao, akaziosha kwa bidii ya mtu anayeosha sufuria za harusi, kisha akaenda kuzianika. Alikuwa akiziosha bwawani.

“Nilikuwa ninatoa mayai kwa mukono ya kuume, ninayarudisha kwa ya kushoto,” anasema. “Aimé alipoona, alikaa chini. Alikaa tu chini.”

Njia ya pili ni bafu la chumvi. Ndoo moja ya maji, kopo moja la nyanya lililojaa chumvi ya mawe na kusawazishwa kwa kidole. Samaki anaingia, anakaa humo hadi aanze kulala ubavu, anatolewa mbio. Chawa wengi hubanduka na kubaki ndooni.

Mwaka juzi Mama Nono alikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, akamwachia mumewe kazi hiyo. Hapo ni lazima msomaji aelewe kwamba Kalaba aliuza makayabo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Makayabo ni samaki wa chumvi, mkavu, mgumu kama kandambili, ambaye mji huu unampenda sana kwa bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mkono wa mtu wa makayabo haujui kopo. Unajua gunia. Kalaba aliona ndoo, aliona samaki, aliona chumvi, na mkono ukafanya kazi uliyoizoea.

“Chawa balikufa,” anajitetea sasa kutoka kwenye kiti. “Hiyo Mama Nono hasemake.”

“Balikufa,” mkewe anakubali. “Na samaki balikufa. Na shiye kidogo tufe, juu tulikula ile chumvi juma muzima.”

*

Safari hii chawa wameingiaje? Swali hilo linafanya kiti cha plastiki kilie kidogo.

Bwawa lina sheria moja. Samaki wote wapya hukaa kwanza peke yao katika kibirika kilicho kando ya choo, hadi ijulikane wamebeba nini. Majirani wanakiita chumba cha wageni. Sheria hiyo ilifuatwa vizuri hadi Julai, wakati shangazi yake Kalaba, mkulima wa Lukafu, alipotuma vifaranga vya samaki katika madumu, juu ya lori la mahindi. Zawadi.

Kalaba alivipokea barabarani, akavileta nyumbani, akavimwaga moja kwa moja bwawani.

“Ni zawadi ya shangazi,” anasema. “Batu batoke Lukafu, basafiri siku muzima, na miye niwaambie balale inje, karibu na choo? Shangazi akiuliza?”

“Shangazi hakusafiri. Ni samaki balisafiri.”

“Samaki ya shangazi.”

Mama Nono anamtazama Vital kana kwamba anatafuta hakimu. Vital anatazama viatu vyake. Kwao Butembo pia, mgeni halazwi nje.

Lakini hata aibu hiyo siyo inayomfunga Kalaba kwenye kiti. Kinachomfunga kina sharubu nane.

Ndani ya bwawa kuna kambale mmoja. Kalaba alimleta akiwa na urefu wa kidole, na sasa, kwa mujibu wa Kalaba, anakaribia urefu wa mtoto wa shule. Anaitwa PDG, kama wanavyoitwa wakurugenzi wakuu wa makampuni kwa Kifaransa, kwa sababu, anaeleza Mama Nono, anakula sana na hakuna anayejua anafanya kazi gani. Kila asubuhi Kalaba humtupia tonge la bukari, na kila asubuhi PDG hupanda juu, huvuta hewa, hulimeza na kuzama bila shukrani.

Na hapa Annexe kuna desturi. Bwawa linapokaushwa, mwenye bwawa huchukua samaki wanaoingia kwenye wavu wake. Kinachobaki kwenye tope ni cha majirani. Hakuna anayeomba na hakuna anayekataza. Wanakuja na mabeseni, wanaingia hadi magotini, na wanachokishika ni chao.

Kambale haingii kwenye wavu. Kambale anaingia kwenye tope.

“Martine amekwisha kuja kuonyesha beseni yake,” Kalaba anasema kwa sauti ya chini. “Ile kubwa. Ya kufulia mablangeti.”

*

Martine mwenyewe anatokea wakati huo, akipitia kwenye kabichi zake, na beseni kichwani. Ni kubwa kweli.

“Banasema munakausha,” anasema. “Nikaona nisichelewe.”

“Hakuna kukausha,” Vital anadakia. “Tunatia dawa.”

“Dawa gani?”

“Ya kisasa. Nimeinunua kwa mutu mumoja wa Makomeno. Inaua kila kitu.”

Martine anashusha beseni. Maji ya bwawa hili, yanapofunguliwa, hayaendi mtoni. Yanapita katika mfereji wenye majani, yanatulia shimoni, kisha yanasambaa katika bustani yake. Kabichi zake zinanyweshwa maji hayo, na nusu ya mtaa, akiwemo mkewe Vital, inazila.

“Kila kitu,” Martine anarudia. “Na kabichi?”

“Kabichi haina chawa.”

“Na miye?”

Vital si mtu mbaya. Ni mtu mwenye harusi. Ameshazoea kwamba shida ikija, unanunua kitu, unakileta kwa gari, shida inaisha. Mama Nono anamjua, kwa hiyo habishani naye. Anamwambia tu kitu kinyume cha alichomwambia mwanzo.

“Haya, Papa Vital. Ifungue. Nusa kidogo tu, na uzuri wako wote.”

Vital anazungusha kifuniko. Anainamisha pua. Anabaki hivyo kwa muda mfupi, kisha uso wake unabadilika polepole, kama mtu aliyeguswa bega na mtu asiyemtarajia.

“Hii harufu ninaijua,” anasema.

“Unaijua wapi?”

“Siku tulienda kumutoa muyomba ku morgue.”

“Njo hiyo. Ni formol, dawa ya maiti. Banaweka mu samaki pia, kuko bafugaji banafanyaka. Lakini weye unataka bakwe bako baketi Jumamosi, bakule, kisha babu mumoja anyanyue pua aseme: ee, hii samaki inanikumbusha marehemu?”

Kalaba, ambaye hajacheka tangu jana, anacheka hadi kiti kinayumba. Vital anafunga jerikeni, anakaza kifuniko mara mbili, anakwenda kuiweka nyuma ya gari, anafunga na mlango wa gari. Anasema atairudisha Makomeno leo hii, na mwenye nayo atamsikia. Kisha anarudi akijifuta mikono kwenye suruali.

“Basi,” anasema. “Chumvi. Lakini nitaangalia mwenyewe, samaki mumoja mumoja.”

“Utaangalia hata mu meno,” Mama Nono anamwahidi.

Imebaki mbao tatu na mume mmoja.

Wingu dogo limeanza kukaa upande wa kusini. Mama Nono analitazama, anamtazama Kalaba, na anayeandika habari hii anaona kwamba hana hasira tena. Ana haraka, jambo ambalo ni baya zaidi.

“Baba Nono. Umemupatia PDG chakula leo?”

“Bado. Munanigombeza tangu asubuhi.”

“Mupatie.”

Kalaba anatoa tonge la bukari ya jana kutoka mfukoni, limefungwa vizuri katika jani la kabichi ya Martine. Anapiga maji kwa kiganja mara mbili. Anangoja. Maji yanafura, kichwa bapa kinapanda na sharubu zake, kinavuta hewa.

Tonge linaanguka. PDG haligusi.

Anageuka ubavu, anakwenda taratibu hadi kwenye ukuta wa saruji, chini kabisa ya kiti, na anaanza kujisugua. Anajisugua kama ng’ombe kwenye nguzo, huku na huko, bila aibu mbele za watu. Karibu na pezi lake kuna madoa bapa, mengi, kama mtu amemrushia mbegu za nyanya. Kalaba anainama kiasi kwamba Vital anamshika mkanda asitumbukie.

Tonge linayeyuka.

“Anawashwa,” Kalaba anasema mwishowe.

“Anawashwa,” mkewe anasema.

“Alikuwa hakataake bukari.”

“Ninajua.”

Kalaba anasimama. Anainua kiti chake, anakiweka kando ya mfereji, na anaanza kukunja suruali, mguu wa kwanza, kisha wa pili, hadi juu ya magoti. Ni suruali yake ya kanisani. Aliivaa kwa ajili ya kukataa.

“Mbao utatoa weye,” anamwambia mkewe. “Miye unipatie beseni.”

“Beseni ya nini?”

“Kinachobakia mu potopoto ni cha bajirani. Njo desturi. Leo miye niko jirani.”

Martine anapinga palepale. Anasema mtu hawezi kuwa jirani wa bwawa lake mwenyewe. Kalaba anamjibu kwamba bwawa ni la Mama Nono, mtaa mzima unalijua hivyo, na yeye kitanda chake kiko upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo ni jirani wa karibu kuliko wote. Vital anaombwa kuamua. Anaamua kwamba hoja hiyo ina mantiki, huenda kwa sababu naye ana mke mwenye duka.

Mama Nono hasubiri hukumu. Ameshaweka wavu na ubao wa kwanza uko mikononi mwake.

*

Maji yanashuka kwa sauti ya mtu mnene anayekunywa supu. Tilapia wanaingia kwenye wavu, wakubwa na wadogo, na Mama Nono anawapitisha kwenye ndoo za chumvi wachache wachache, kopo limesawazishwa, jicho likiwa kwenye ndoo tu. Samaki akilala ubavu, anatoka. Wakubwa wanaingia kwenye mapipa ya Vital. Wadogo wanakwenda kwenye mabirika. Maji yenye chumvi yanamwagwa njiani, mbali na mfereji, mahali ambapo hakuna anayetaka majani yaote.

Vital amevaa miwani. Anafunua mashavu ya samaki wa kwanza, wa pili, wa kumi. Baadaye anawafunua bila kuwatazama, anapiga simu, na anamwambia mtu fulani kwamba samaki wamepatikana na walete mchele.

“Nikimaliza hapa, ninangoja potopoto ipasuke,” Mama Nono anaeleza bila kuinua kichwa. “Chokaa. Maji mapya. Mbao za mayai, na kuzianika kwa jua, haina kuziosha. Na ile chumba ya bageni ninaiwekea kufuli. Ufunguo utakaa hapa.” Anapiga kifua. “Hata shangazi atume nani.”

Ubao wa tatu unatoka. Bwawa ni tope tupu, jeusi, lenye kung’aa, na majirani tayari wamo ndani na mabeseni yao, wakisukumana kwa mabega na vicheko. Katikati yao yuko Kalaba na beseni la jikoni, akipapasa tope kwa vidole kama mtu aliyepoteza pete. Martine yuko hatua mbili kutoka kwake, naye anapapasa.

Wanampata pamoja. Kuna kelele, kuna matope hadi kwenye masikio, beseni la mablangeti linapinduka, na mwishowe Kalaba anainuka na PDG kifuani, amemkumbatia kwa mikono miwili. Ana urefu wa mkono, siyo wa mtoto wa shule. Martine ameshika mkia.

Anautazama. Anatazama tumbo, lililofura na kulegea. Analibonyeza kidogo kwa kidole.

“Baba Nono,” anasema, “PDG yako iko na mimba.”

Inaonekana Kalaba anapanga upya mambo mengi kichwani.

“Basi mupeleke,” Martine anasema, na anauachia mkia. “Siwezi kumukula mama ya batu. Lakini batoto bake, wawili, bangu.”

“Watatu,” Kalaba anamwongezea.

Anapanda ukingo, akiteleza, hadi kwenye ndoo kubwa ya mwisho. Mama Nono ananyoosha mkono kuchukua kopo, kisha anaurudisha. Kopo anamwachia Kalaba.

Watu wanakaribia. Kila mmoja mtaani alikula sehemu ya chumvi ile ya mwaka juzi, au alisimuliwa. Kalaba anachota kutoka kwenye gunia. Kopo linatoka na kilima juu yake, kilima cha mtu wa makayabo. Anakitazama. Anapitisha kidole chenye tope ukingoni, polepole, na chumvi iliyozidi inarudi guniani.

Anamwaga kopo moja. Anakoroga kwa mkono. Anafunga gunia, anakaza kamba, anamkabidhi mkewe, ndipo anamshusha PDG ndani ya maji.